Sauti Safi na Waya Mwembamba

Mtu akipanda matatu asubuhi kwenda mjini, hakosi kuona abiria wawili watatu wenye nyaya nyembamba zitokazo masikioni na kuingia mfukoni, au wenye vidude vidogo vyeupe visivyo na waya wowote. Hivyo ndivyo visikilizi vya masikioni, ambavyo vijana huviita iafoni. Ni vyombo vidogo, na kwa ajili ya udogo huo watu hudhani havina historia. Hununuliwa kando ya barabara, hutumika majuma machache, upande mmoja hunyamaza, kisha hutupwa na vingine kununuliwa. Mimi nami niliviona hivyo hivyo, mpaka siku moja nilipowauliza wanafunzi wangu kwa nini vyombo hivi hufa upesi. Mvulana mmoja akanijibu pasipo kusita ya kuwa kitu chenye sauti nzuri hakina budi kuwa dhaifu.

Jibu lile lilinisumbua kwa siku nyingi. Kama ni kweli, basi hapana la kufanya ila kununua na kutupa. Lakini kama si kweli, yupo aliyeamua kwamba iwe hivyo, na yafaa tujue aliamua lini na kwa sababu gani. Kisikilizi kina umri wa karibu miaka 150, na njia iliyo bora ya kumjibu mvulana yule ni kukifuata toka kuzaliwa kwake.

Kisikilizi ni mtoto wa simu. Tarehe 7 Machi 1876, Alexander Graham Bell, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiwafundisha viziwi huko Boston, alipewa hataza ya simu katika nchi ya Marekani. Ndani ya vipokezi vya simu vilivyofuata mlikuwa na sumaku, waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi, na mbele yake kibati chembamba cha chuma. Kibati hicho twakiita kiwambo, kwa kuwa hukaa kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Umeme uletao sauti huja ukizidi na kupungua. Ukizidi, kiwambo huvutwa kwa nguvu, ukipungua, hulegezwa. Hivyo kiwambo hutikisika, hewa hutikisika pamoja nacho, na mwisho hutikisika kiwambo kingine ambacho Mwenyezi Mungu amekiwamba ndani ya sikio. Sumaku, waya na kiwambo: ukivunja kisikilizi cha bei nafuu hivi leo utavikuta vyote vitatu, ila vimepunguka mpaka vyatosha juu ya ukucha wa kidole gumba.

Vipokezi vile vya kale vilikuwa imara kupita kiasi. Vilikuwa vya chuma, ubao na mpira uliokaushwa ukawa mgumu kama pembe. Kikianguka, ilikuwa heri kuihurumia sakafu. Usafi wa sauti, hata hivyo, haukuwapo. Sikio la kijana mzima husikia mitikisiko tangu 20 hata 20,000 kwa sekunde moja. Simu ya kawaida ilichukua kiasi cha 300 mpaka 3,400 tu. Maneno yalieleweka, maana ndiyo yaliyokusudiwa, lakini muziki ulitoka kana kwamba unapigwa ndani ya debe. Na uzito nao ulikuwa na watu wake wa kuumia. Wafanyakazi wa swichibodi, ambao karibu wote walikuwa wanawake, hawakuweza kushika kipokezi mkononi siku nzima, na kwa hiyo katika miaka ya 1880 walitengenezewa chombo cha kukaa begani, mzigo wa kilo kadhaa, kipokezi kikiwa kwenye sikio na kinasa sauti mbele ya mdomo.

Mwaka wa 1881 palitokea jambo lililobadili fikira za watu. Katika Maonyesho ya Umeme mjini Paris, injinia Mfaransa Clément Ader aliweka vinasa sauti ukingoni mwa jukwaa la Opera, akavuta nyaya hadi jumba la maonyesho. Wageni walisimama kwa zamu, kila mmoja ameshika vipokezi viwili, kimoja kwa kila sikio. Waliyoyasikia yaliwashangaza, kwa kuwa mwimbaji alipovuka jukwaa sauti yake ilihama upande mmoja wa kichwa kwenda upande wa pili. Muziki wenyewe haukuwa safi, lakini tamaa ilikwisha kuzaliwa. Tangu siku hizo watu wameitaka simu iimbe, wala si kusema tu.

Miaka kumi baadaye, Mfaransa mwingine, Ernest Mercadier, alipewa hataza ya kipokezi kidogo cha kutiwa ndani ya masikio yote mawili. Hiyo ilikuwa mwaka wa 1891. Chombo chake kilikuwa na uzito wa gramu 50 tu au pungufu kidogo, na ncha zake alizifunika kwa mpira. Alieleza kazi ya mpira huo: kwanza usilikwaruze sikio, na pili uzibe tundu ili kelele za nje zisiingie. Yeyote anayevaa visikilizi vyenye vifuniko laini vya mpira amevaa wazo la Mercadier. Bahati mbaya, wazo lilitangulia vifaa. Sumaku za siku hizo zilikuwa hafifu, na sumaku hafifu ikifanywa ndogo huzidi kuwa hafifu. Ikabidi dunia irudie vipokezi vikubwa vya kufungwa kichwani kwa utepe wa chuma.

Sasa tumtazame mtu mmoja wa Utah, Marekani, ambaye kwangu mimi ndiye mkuu katika hadithi hii yote ingawa jina lake halijulikani na wengi. Nathaniel Baldwin alizaliwa mwaka wa 1878. Mwaka wa 1910 alikuwa akitengeneza visikilizi jikoni mwake, akaandika barua kwa Jeshi la Wanamaji la Marekani na kuwapelekea jozi moja wavijaribu. Lazima tukumbuke hali ya wanamaji wakati huo. Manowari zilipelekeana habari kwa redio, kwa nukta na mistari, na wala hapakuwa na mashine nzuri ya kukuza sauti. Habari hafifu iliyotoka mbali ilipaswa kusikika kwa nguvu yake yenyewe, au isisikike kabisa. Mtumishi wa redio asiposikia ishara ya chombo kinachozama, watu hufa. Katika chumba kile, usafi wa sauti haukuwa starehe.

Wakubwa wa jeshi walipovijaribu visikilizi vya Baldwin walikuta vyasikika vizuri kuliko vile walivyokuwa navyo. Wakataka vingi. Akawajibu kwamba hawezi kutengeneza zaidi ya kumi kwa mara moja, kwa kuwa kiwanda chake ni jiko. Siri yake ilikuwa hii: badala ya sumaku kuvuta kiwambo kizito cha chuma, alitundika kipande kidogo cha chuma katikati ya ncha za sumaku, mfano wa mtambo wa mizani. Kwa kuwa mivuto ya pande mbili imelingana, umeme mdogo kabisa waweza kukitikisa. Kijiti chembamba kilichukua mtikisiko huo hadi kwenye kiwambo cha ulanga, ambao ni mwepesi na haushiki kutu hata katika hewa ya bahari. Twaona basi ya kuwa katika chombo kimoja sauti ilitengenea na uimara nao ukaongezeka. Baldwin baadaye alipata kiwanda cha haki, akatajirika, na katika miaka ya 1920 kampuni yake ikafilisika. Naomba msomaji auweke mtambo wake wa mizani akilini, maana tutakutana nao tena.

Miaka ile ya 1920 ndiyo redio ilipoingia majumbani. Redio ya jiwe haikuhitaji betri, na kwa hiyo visikilizi vyake vilizungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kuliko unywele ili visipoteze hata chembe ya umeme. Unyevu ukiingia, waya ule ulioza na kukatika. Mwaka wa 1937 Mjerumani Eugen Beyer alitoa kisikilizi chake kiitwacho DT 48, ambacho ndani yake waya wenyewe umegandishwa kwenye kiwambo na kutikisika pamoja nacho. Chombo hicho kiliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 70. Kisha mwaka wa 1958, John Koss wa Milwaukee akawauzia watu visikilizi vikubwa vya kusikilizia sahani za santuri za mtindo mpya, zenye sauti ya kulia na ya kushoto. Vyombo hivi vyote vilikuwa vya kukaa nyumbani au kazini. Havikupigwa na mvua wala kukaliwa ndani ya basi.

Kutoka nje kulianza na transista. Redio ya kwanza ya transista iliyouzwa kwa watu wengi, Regency TR-1, ilitoka Marekani mwaka wa 1954, na baada yake zilifuata nyingi za Kijapani. Redio hizo aghalabu zilikuja na kisikilizi kimoja cha kuchomeka sikioni, cheupe kama jino, mpaka leo wazee wengi wanakikumbuka. Baadhi yavyo havikuwa na sumaku kamwe. Ndani yake mlikuwa na kipande cha chumvi.

Jambo hili lastahili kuelezwa. Mwaka wa 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Na kinyume chake pia ni kweli, zikipewa umeme hujipinda. Mojawapo ilikuwa chumvi ya Rochelle, iliyopewa jina la mji wa La Rochelle huko Ufaransa. Kipande chembamba cha chumvi hiyo kikiunganishwa na kiwambo, umeme wa redio hukipinda huku na huku, na sauti hutoka. Ni kazi ya akili sana. Yatumia umeme kidogo mno, ni nyepesi, na bei yake ni ndogo. Lakini chumvi ni chumvi. Anayeishi Mombasa au Lamu ajua jinsi chumvi ya mezani inavyoloa ndani ya kikopo wakati wa masika. Chumvi ya Rochelle nayo hupatwa na unyevu, na joto likifika nyuzi 55 au karibu ya hapo huharibika isirudi tena. Hewa yenye unyevu mwingi, jasho la sikio, au dirisha lenye jua kali la adhuhuri: lolote kati ya hayo liliweza kukinyamazisha. Wenye viwanda walijaribu kukifunga kisipitishe hewa, kisha wakaiacha chumvi na kutumia udongo maalumu uliochomwa kama vigae.

Mvulana wangu angesema, hiyo ndiyo hoja yake. La, sivyo. Kisikilizi cha chumvi kilikuwa dhaifu, lakini sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa nyembamba, haina uzito wa ngoma wala wa besi. Udhaifu wake ulinunua unafuu wa bei. Haukununua usafi wa sauti.

Usafi ulikuja kwa mlango mwingine, nao ni sumaku. Tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza Walkman, mashine ya kaseti ya kutembea nayo, pamoja na visikilizi vyepesi vya kichwani. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Japani na wa Marekani, kila upande peke yake, wakagundua sumaku ya neodimiamu, ambayo kwa ukubwa ule ule ni yenye nguvu kupita zote zilizotangulia. Wazo la Mercadier sasa likapata kifaa chake baada ya kungoja karibu miaka 100. Sumaku ya ukubwa wa punje ya mahindi iliweza kuimba.

Hata hivyo kulikuwa na tatizo ambalo sumaku pekee haikulitatua. Kisikilizi kilichokaa mlangoni mwa sikio bila kuliziba huvujisha sauti nzito, kama ngoma iliyotoboka. Aliyelishughulikia kwa bidii alikuwa Mead Killion, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi na kampuni ya Knowles, ambayo tangu mwaka wa 1946 imekuwa ikitengeneza viungo vya vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri. Na ni kiungo gani kilichokuwa ndani ya vifaa hivyo? Ni ule mtambo wa mizani wa aina aliyoitumia Baldwin, umepunguzwa ukawa mdogo kuliko punje ya maharagwe. Mwaka wa 1991 kampuni ya Killion, Etymotic Research, ilitoa kisikilizi kilichoitwa ER-4, ambacho kiliziba tundu la sikio barabara na kutoa sauti iliyokaribia sana ile ya ukumbi wenyewe. Kwa kuwa kelele za nje zilizuiwa, msikilizaji hakulazimika kupandisha sauti ya kumuumiza. Tena kulikuwa na kichujio kidogo cha kuzuia nta ya sikio, nacho kikiziba hutolewa na kutiwa kingine. Hata waya wake uliweza kuchomolewa na kubadilishwa. Hapa tena, kama kwa Baldwin, sauti njema na maisha marefu vilikaa nyumba moja. Bei yake, ni lazima niseme, haikuwa ya mtoto wa shule.

Basi nikarudi kwa wanafunzi wangu. Niliwaomba waniletee visikilizi vyao vilivyokufa, wakaleta mfuko mzima, tukakaa alasiri moja maabarani tukivifungua kwa wembe. Nilidhani tutakuta viwambo vimepasuka na sumaku zimetoka mahali pake. Tulipochukua mita na kupima, tulikuta katika vingi mwimbaji yu mzima kabisa. Kilichokatika ni waya, na karibu kila mara mahali pale pale: pale unapoingia kwenye plagi, au pale unapoingia kwenye kisikilizi chenyewe.

Sababu si siri. Waya huo una nyuzi za shaba nyembamba kuliko unywele, zimepakwa rangi zisigusane, na kusokotwa pamoja na nyuzi za nguo. Chuma kikipindwa mara nyingi mahali pamoja huchoka, na mwisho hukatika, kama mtu avunjavyo kijiko cha bati kwa kukipinda huku na huku. Ukitaka kisikatike, ongeza shingo ya mpira iliyo ndefu ili mpindo usambae. Au fanya plagi ya kupinda kama kiwiko. Au, kama Killion, fanya waya wa kuchomoka. Hakuna hata moja kati ya haya liondoalo usafi wa sauti. Huondoa faida kidogo. Tangu mwaka wa 2001, Apple walipoanza kutia visikilizi vyeupe ndani ya sanduku la iPod, na watengenezaji wengi wa simu nao wakafanya vivyo hivyo, watu walizoea kuona kisikilizi kama nyongeza ya bure. Na kitu cha bure hakidaiwi umri. Mwamba ngoma, walisema wahenga, ngozi huivutia kwake.

Mafundi wetu hawajakubali hukumu hiyo. Katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, na katika vibanda vingi vya miji midogo, yuko fundi mwenye chuma cha kulehemu ambaye hukata waya chini kidogo ya mahali palipokatika, akachoma rangi kwa moto, akalehemu plagi mpya. Haisumbui, mradi chombo kiwe kimeundwa kwa namna ya kufunguka.

Na hapo ndipo penye shaka ya siku zetu. Mwaka wa 2016 Apple waliondoa tundu la plagi katika simu yao ya iPhone 7, na mwezi wa Desemba mwaka huo wakatoa visikilizi visivyo na waya, AirPods. Kampuni nyingine zikafuata. Maradhi ya waya yameondoka, na hilo ni jambo jema. Lakini mahali pake imeingia betri ndogo ya lithiamu, na betri ya namna hiyo huchoka kila inapojazwa, mpaka baada ya miaka michache haishiki tena. Mafundi wa iFixit wa Marekani walipozifungua AirPods za kwanza walikuta zimegandishwa kwa gundi hata hazifunguki bila kuharibika, wakazipa alama 0 kati ya 10 kwa upande wa kutengenezeka. Sumaku ni nzima, kiwambo ni kizima, sauti ni safi kuliko aliyoiota Ader, na chombo chote chaenda jalalani kwa ajili ya betri ya ukubwa wa kifundo cha kidole. Takataka za vyombo vya umeme duniani zilifika tani milioni 62 katika mwaka wa 2022.

Mwaka wa 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria juu ya betri, inayotaka vyombo vya kubebwa viwe na betri ambayo mtumiaji mwenyewe aweza kuitoa, kuanzia Februari 2027, ingawa vimeachwa vyombo kadha wa kadha. Kabla ya tarehe hiyo kufika, kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilitoa mwaka wa 2024 visikilizi visivyo na waya viitwavyo Fairbuds. Mwenye kuvinunua aweza kutoa betri ya kila kimoja na kutia mpya nyumbani kwake.

Katika mfuko ule wa darasa langu tulifanikiwa kuviponya visikilizi vichache kwa plagi tulizozikata kutoka kwa vingine. Jozi moja ina waya mweusi juu na mweupe chini, na fundo la lehemu katikati lililofungwa kwa utepe. Mvulana aliyenijibu siku ile ndiye anayeivaa.